Gari Lililolalia Kushoto

Shemeji alikataa katakata. Hata kama Inspekta angekuwa na cheo cha kumfunga jela, alisema, hatamwachia ajilaze chini ya gari linaloshikiliwa na hewa peke yake. Alivuta stendi za chuma kutoka pembeni mwa gereji, akazisukuma chini ya chasisi, akazigonga kwa ngumi kuona kama zimekaa sawasawa. Ndipo akatandika katoni sakafuni na kumkaribisha kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni.

"Ukibanwa humo, nitamwambia nini mdogo wako?"

"Mwambie ulinitanguliza mimi kwa sababu tumbo lako halipiti."

Shemeji, fundi mwenye gereji, alicheka akajipapasa tumbo bila kinyongo. Alikuwa amemwoa mdogo wake Inspekta miaka mingi iliyopita, na tangu siku ya posa hawakuwahi kuzungumza bila kutaniana. Lakini Inspekta alipoinamisha kichwa na midomo yake ikaanza kusogea polepole, Shemeji alinyamaza na kuvua kofia. Alijua kwamba mwanamke huyu haanzi kazi inayoweza kumharibia mtu maisha kabla ya kumwomba Mungu amwongoze. Alisubiri amalize, kisha akampa tochi.

Gari lililokuwa juu ya stendi lilikuwa la kituo cha afya kilicho ng'ambo ya barabara. Lilikuwa kubwa, jeupe, refu kwenda juu, la kupanda milima na kuvuka makorongo. Halikuwa na springi za chuma kama magari mengine. Kila gurudumu lilibeba uzito wake kwa puto nene la mpira lililojazwa hewa, na dereva aliweza kulipandisha gari au kulishusha kwa kugeuza swichi iliyo karibu na gia. Ukilipandisha, tumbo lake halikugusa mawe. Ukilishusha, mtu alipanda bila kuruka.

Asubuhi moja wiki hiyo walilikuta uani limeanguka upande mmoja. Pembe ya mbele ya kushoto ilikuwa imelala kabisa, bodi imegusa tairi, mfano wa ng'ombe aliyekunja mguu mmoja akakataa kuinuka. Ilikuwa siku ya kumpeleka Mkunga milimani, ambako mama mmoja alikuwa ameanza uchungu. Walikodi pikapu. Mkunga alifika na kumkuta mtoto amekwishazaliwa mikononi mwa majirani. Mama na mtoto walikuwa salama, kwa rehema za Mungu, lakini hakuna aliyethubutu kusema kwamba itakuwa hivyo safari nyingine.

Bwana Usafiri, aliyesimamia magari yote ya kituo, aliinama na tochi siku ile ile akaona mpasuko katika puto la kushoto. Ulikuwa umenyooka, safi, kama uliopitishwa kisu. Dereva alikutwa na kisu cha kukunja mfukoni. Tena, siku moja kabla, dereva huyo huyo alikuwa ameomba safari ya milimani iahirishwe, na alipoulizwa sababu, hakutoa. Bwana Usafiri alijumlisha mambo hayo matatu akapata jibu lake. Alichukua funguo, akaita polisi, akasema kwamba ofisi zikifungwa jioni ya siku hii ya uchunguzi dereva atakuwa hana kazi, na kesho yake atakuwa mahakamani. Alichotaka kwa Inspekta ni uthibitisho tu.

Dereva mwenyewe aliitwa Taratibu, jina alilopewa na wagonjwa kwa namna alivyoendesha. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa gereji tangu asubuhi, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Inspekta aliuona mpasuko. Ulikuwa pale pale aliposema Bwana Usafiri, ubavuni mwa puto, na kweli ulikuwa wa kisu. Aliupitishia ukucha. Ukucha ulizama kidogo ukagota. Aliomba chupa ya maji ya sabuni, Shemeji akamsukumia ile aliyokuwa akiitumia kwa kila kitu, hata kuoshea mikono. Alipulizia mpasuko mpaka ukalowa.

Walisubiri. Povu lilikaa tu, likaanza kukauka.

"Hakuna," alisema Inspekta.

Shemeji alijipenyeza kwa upande mwingine, kichwa na bega moja tu, maana hapo ndipo alipofikia uwezo wake. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba puto lina ngozi zaidi ya moja, na ndani ya mpira kuna nyuzi ngumu zinazobeba hewa yote. Kisu kile kilikwaruza ngozi ya nje tu. Kama kingefika kwenye nyuzi, puto lingepasuka palepale kwa kishindo, na mwenye kisu angekwenda nacho.

Kwa hiyo mpasuko ulikuwepo, na kisu kilikuwepo, lakini hewa haikupitia hapo. Inspekta hakufurahi haraka. Mtu anaweza kujaribu kuharibu kitu akashindwa, na kujaribu nako ni kosa.

Waliendelea kwa utaratibu. Walilijaza gari hewa zaidi mpaka likaachana na stendi na kusimama kimo chake cha kawaida, kisha Shemeji akachukua futi na kupima kila pembe, kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye ukingo wa bodi, akaandika kwa chaki juu ya tairi. Waliliacha likae. Inspekta alipulizia sabuni kila mahali hewa inapopita. Alianza pale mrija mwembamba unapoingia juu ya puto, akaja kwenye maungio ya njiani, akamalizia kwenye kisanduku cha vali kinachogawa hewa kwa magurudumu yote. Hakuna kilichotoa povu. Aligusa kompresa, mashine inayosukuma hewa, akaondoa mkono. Ilikuwa imeungua rangi upande mmoja, dalili kwamba kwa muda mrefu ilikuwa ikifanya kazi kuliko kawaida.

Mke wa Shemeji alileta chai. Alimkuta dada yake amejaa vumbi na grisi, akamwuliza kama polisi siku hizi wanahamishiwa gereji kwa adhabu. Akatoka na kikombe kingine mpaka kwenye benchi, akamwekea Taratibu mkononi bila kuuliza lolote.

Walipopima tena, chaki na futi vilikubaliana. Gari halikuwa limeshuka hata unene wa kidole.

Hapo kazi ikawa ngumu. Gari lililolala uani usiku kucha, leo limesimama imara asubuhi nzima. Shemeji alikuna shingo akasema kwamba labda lilitaka tu kupumzika, kama wengine wanavyotaka, akatazama kikombe chake kitupu. Kisha akaacha mzaha akasema kwamba akiambiwa aape, hataweza kuapa kwamba gari hili linavuja.

Inspekta alikaa kwenye tairi la zamani. Alijua kwamba akirudi kwa Bwana Usafiri na maneno hayo, yatageuzwa: kama gari halivuji, basi kuna mtu aliyeitoa hewa kwa makusudi. Na mwenye swichi alikuwa mmoja.

Aliamua kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Kila mtu alieleza jinsi gari lilivyokutwa asubuhi. Je, lilikuwaje jioni? Alimpigia simu mlinzi wa kituo, akamwomba aeleze hatua kwa hatua tangu gari lilipoingia getini. Mlinzi alikuwa mtu wa maneno mengi, na Inspekta alimwacha aseme. Lilirudi kabla ya jua kuzama, alisema. Likasimama karibu na mlango wa wodi. Mkunga akateremka, akaingia ndani. Taratibu akazima injini, akachukua kapu la Mkunga, akamfuata kwa mbali. Gari likabaki pale, limechuchumaa.

Inspekta alimwuliza limechuchumaa vipi.

Mlinzi alishangaa kuulizwa. Kwani si ndivyo linavyokaa Bibi Mkunga anapopanda na kushuka, alisema. Huchuchumaa, Bibi akashuka, kisha gari hupanda tena. Mlinzi alidhani magari yote makubwa yako hivyo. Ila jioni ile halikupanda tena.

Inspekta alishukuru, akakata simu, akamgeukia shemeji yake.

"Toa stendi. Ulishushe gari mpaka mwisho."

Shemeji alitoa stendi, akaingia ndani ya gari, akageuza swichi. Gari lilitoa pumzi ndefu likashuka, mbele kwanza, halafu nyuma. Lilipogota, gereji ilinyamaza. Kisha wote wawili wakasikia sauti nyembamba, kama mtu anayevuta hewa kupitia meno. Ilitoka mbele, kushoto.

Hakuna aliyekwenda chini safari hii. Inspekta alipiga magoti pembeni, akapenyeza mdomo wa chupa nyuma ya tairi, akapulizia sehemu ya chini ya puto, pale mpira unapojikunja juu ya kikombe cha chuma kinachoushika chini. Povu lilichemka. Lilitoka duara zima, vijipovu vidogo vidogo vikigombania kutokea, vikakua, vikapasuka, vikaja vingine.

"Huyu hapa," alisema Shemeji kwa sauti ya upole, kama aliyempata mtoto aliyejificha kabatini.

Walilipandisha, wakaweka stendi, wakatoa hewa yote, wakafungua puto. Shemeji alilibeba kwa mikono miwili akaliweka mezani penye mwanga. Inspekta alivuta mkunjo kwa vidole gumba, ukafunguka. Mpira ulikuwa umepasukapasuka kuzunguka, nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja, na ndani ya nyufa mlikuwa na mchanga na chembe za kokoto.

Shemeji alimweleza asilojua. Puto hujikunja na kujikunjua gari linapotembea, na mahali pa mkunjo hutegemea kimo cha gari. Gari likitembea kimo cha kawaida, mkunjo huwa hapa, na alionyesha kwa kidole. Hapo mpira ulikuwa mzima, bado unang'aa. Likitembea limeshushwa, mkunjo huja huku, na kidole kikaenda kwenye nyufa.

"Kwa hiyo likiwa limesimama wima, nyufa zinakuwa mahali ambapo mpira haujikunji, zinajifunga," alisema Inspekta.

"Na likichuchumaa zinafunguka. Ndiyo maana tumeliamini asubuhi nzima, shemeji. Mwongo mkubwa hili gari."

Inspekta hakucheka. Aliendelea kutazama nyufa. Kulishusha gari likiwa limesimama hakuleti kokoto ndani ya mkunjo. Mtu huyu alikuwa akiliondoa gari kabla halijapanda. Akilitembeza chini, kwenye barabara ya mawe, mara nyingi, kwa miezi. Gurudumu la kushoto ndilo lililopita ukingoni penye mchanga, ndilo lililokula zaidi. Na dereva huyu aliitwa Taratibu kwa sababu haliumizi gari hata kwenye shimo dogo la barabarani. Kwa nini mtu kama huyo afanye haraka hapo tu?

Alinawa mikono akatoka nje.

Taratibu alijaribu kusimama. Inspekta akamwambia akae, akakaa kando yake. Alimwuliza kwanza habari ya kisu. Dereva alijibu bila kusita. Aliona kokoto zimenasa kwenye puto, akazichokoa kwa ncha ya kisu kama mtu anavyochokoa jiwe kwenye soli ya kiatu. Mkono ukateleza. Alijua ni kosa, na alikuwa amekusudia kumwambia Bwana Usafiri, lakini Bwana Usafiri aliona kabla hajasema, na baada ya hapo lolote angelolisema lingeonekana kisingizio.

"Ulichokoa kokoto za mkunjo wa chini," alisema Inspekta. "Ulijua zinaingiaje."

Taratibu aliinamia kikombe chake.

Alimwuliza kwa nini alilishusha gari. Akanyamaza. Alimwuliza kwa nini hakulisubiri lipande. Akatazama viatu vyake. Alimwuliza kwa nini aliomba safari iahirishwe. Hapo alifungua mdomo akaufunga tena. Inspekta alikuwa amehoji wezi, matapeli na mtu mmoja aliyemzika ndugu yake akiwa hai katika karatasi za mirathi, na alijua kimya cha mtu anayejificha. Hiki hakikuwa hicho. Huyu alikuwa amemficha mtu mwingine.

"Nani hukaa kiti cha kushoto?"

"Mkunga."

"Mkunga ni nani yako?"

Dereva aligeuza kikombe kitupu mara kadhaa. "Ni mama wa mke wangu," alisema hatimaye, na aliposema hivyo aliteremsha macho kana kwamba mama huyo amesimama mbele yao.

Inspekta alikumbuka gari linavyochuchumaa Mkunga anapopanda na kushuka. Alielewa kwamba kila mtu mwingine pale kituoni, dereva yeyote, muuguzi yeyote, angemshika mwanamke yule mkono au kumsukuma mgongo kidogo akapanda, na wangecheka pamoja. Mkwe hawezi. Mkwe hamshiki mama mkwe wake kiuno, wala haendi ofisini kuzungumza habari za miguu yake mbele ya wanaume. Alichoweza ni kugeuza swichi.

Mkunga alikuwa katika chumba chake, akimpima uzito mtoto aliyekuwa akilia kwa hasira. Inspekta alisubiri mlangoni mpaka mama wa mtoto akaondoka, na wakati akisubiri alitazama chumba. Mzani ulikuwa juu ya meza ndefu. Pamba, mikasi, beseni, kanga za kufunikia, vyote vilipangwa kwenye rafu za kimo cha kiuno. Rafu za chini zilikuwa tupu, zimefutwa safi. Kitanda cha kupimia kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali.

Bibi Mkunga alimkaribisha, akaketi, akamwuliza hali ya mdogo wake na ya watoto, maana wote walipitia mikononi mwake. Inspekta alijibu, kisha akasema amekuja kwa habari ya gari.

"Mkwe wangu yuko likizo," alisema Mkunga. "Wameniambia amepumzishwa siku chache. Ni vizuri, anafanya kazi sana."

Inspekta alivuta pumzi. Alimweleza yote: mpasuko, kisu, funguo zilizochukuliwa, mahakama kesho. Alieleza pia nyufa na kokoto. Hakutaja miguu ya mtu. Alisema tu kwamba gari lilikuwa likishushwa kila siku na kuondoshwa kabla ya kupanda, na dereva hataki kusema kwa nini.

Mkunga alisikiliza huku akikunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja upya.

"Unadhani gari linaweza kunipigia magoti kila siku nisijue?" alisema. "Nilijua siku ya kwanza. Nilipanda kama msichana, nikajiuliza, nimepona? Nikaona ngazi ya mlango iko kwenye kifundo cha mguu. Akaondoa gari haraka ili nisisikie mashine ikilipandisha. Akaanza kuzungumza habari za mvua. Na mimi nikazungumza habari za mvua."

"Hukumwambia unajua?"

"Ningemwambia nini, mwanangu? Ananifichia aibu yangu. Nami nikamfichia kwamba nimeona. Tumekaa hivyo, kila mtu anamstahi mwenzake." Aliweka kanga mezani. "Siku ile ya kuahirisha, goti lilikuwa limevimba. Nilijitahidi kutembea wima, lakini yeye huona; jioni alinifuata na kapu, akasahau kulipandisha gari. Nilimsikia ofisini akiomba, nikadhani ana lake."

Inspekta alisema kweli iliyobaki. Akiandika kwamba gari lilichakaa kwa matumizi mabaya bila sababu, dereva hatakwenda mahakamani, lakini kazi ataipoteza. Akiandika sababu, watajua habari ya magoti, na Bwana Usafiri ana wakubwa wake, na wakubwa wana kanuni za nani anayefaa kwenda milimani. Yeye hawezi kuandika uongo. Ameomba Mungu amwonyeshe njia nyingine asubuhi nzima, na hakuonyeshwa.

Mkunga alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akajiinua. Ilichukua muda. Inspekta alimsogelea kumsaidia, naye hakukataa.

"Basi usiandike wewe," alisema. "Nitasema mimi."

Walipofika gereji, Bwana Usafiri alikuwa amekwishafika. Alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa na kalamu mbili mfukoni, na alilipenda lile gari kama mtoto wa mwisho. Alisimama mbele ya puto la zamani lililowekwa mezani, akiwa na uso wa mtu aliyekuta mtoto wake amekatwa. Shemeji alikuwa akimwonyesha nyufa na kumweleza, bila kuacha kazi. Alikuwa amekata ncha ya mrija wa hewa kwa wembe mpya ili iwe sawasawa kabisa, akaisukuma kwenye kiungio chake mpaka ikalia, akaivuta kuona kama imeshika. Puto jipya, lililoagizwa tangu siku ya kwanza, lilikuwa limekaa mahali pake. Alilijaza hewa gari likiwa bado juu ya stendi, akaeleza kwamba ukilitua gari juu ya puto tupu, mpira mpya hujikunja vibaya na utarudi kwake mwezi ujao, naye hana haja ya kuonana nao tena hivi karibuni.

Bwana Usafiri alikubali habari ya kisu. Alikuwa mwadilifu, alipoonyeshwa kwamba kile kisu hakikutoboa, alikiri mbele ya Taratibu kwamba alikosea. Lakini alitaka kujua habari ya kokoto. Alimwuliza dereva, kwa uchungu zaidi kuliko hasira, kwa nini alilitembeza gari likiwa tumbo chini. Taratibu aliona mama mkwe wake amesimama mlangoni. Akasema yote ni makosa yake, na kama ni kufukuzwa, afukuzwe.

"Mkwe wangu anasema uongo," alisema Mkunga, "na amenilelea uongo huo kwa adabu muda mrefu. Ni magoti yangu. Siwezi kupanda gari hilo."

Taratibu aligeuza uso ukutani. Shemeji akatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Mkunga aliendelea, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaambia wanawake wasukume. Alieleza gari lilivyoshushwa, lilivyoondoshwa, na jinsi wote wawili walivyozungumza habari za mvua hata wakati wa kiangazi. Alisema kwamba kama kuna mtu wa kuondolewa, huyo hapa amejileta mwenyewe.

Bwana Usafiri alishika kalamu, akairudisha mfukoni. Alimtazama Inspekta kama anayeomba msaada. Inspekta hakumpa. Uamuzi haukuwa wake.

"Mikono je?" aliuliza Bwana Usafiri hatimaye.

"Mikono ni mizima. Macho ni mazima. Wala mtoto hapokelewi kwa magoti."

"Mama, ungeniambia."

"Ungenipeleka milimani?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, kwa hiyo alikubali kwamba huenda asingempeleka. Kisha akasema, polepole, akijisikiliza, kwamba kanuni inamtaka mkunga wa safari awe na uwezo wa kufika na kufanya kazi. Haisemi afike kwa gari la kimo gani. Lakini akataka jambo moja: kuanzia sasa mkunga kijana afuatane naye kila safari, ajifunze, ili siku Mama atakaposema basi, milima isibaki bila mtu. Mkunga alisema amelililia jambo hilo kwa Mungu miaka miwili, na kama angejua kwamba njia yake ni kukiri magoti, angekiri mapema.

Funguo zilirudi mkononi mwa Taratibu. Alizishika kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Ilibaki kulijaribu gari. Shemeji alitoa stendi, akapulizia sabuni duara lote la puto jipya, gari likiwa juu, kisha likiwa kimo cha kawaida. Likawa kimya. Akataka lishushwe kabisa na mtu mzima akae kiti cha kushoto, kuona kama litastahimili uzito. Alijitolea yeye. Inspekta akamwambia wanapima puto, hawataki kulipasua.

Mkunga alikuwa amekwishaanza kutembea kuelekea mlango wa kushoto.

Taratibu aliingia upande wake. Swichi ilisikika. Mbele ya watu wote, saa za kazi, gari lile kubwa lilitoa pumzi likashuka, mpaka ngazi ya mlango ikafika kwenye kifundo cha mguu. Mkunga alipanda hatua moja akakaa, akapanga nguo zake. Shemeji alilala chali katika vumbi kando ya gurudumu, akapenyeza chupa nyuma ya tairi, akapulizia. Wote walisubiri. Alisema kutoka huko chini kwamba hakuna hata kipovu kimoja.

Mkono wa dereva ulikwenda kwenye gia kwa mazoea. Ukasimama njiani.

"Mama," alisema. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye kioo. "Tusubiri lipande."

"Tusubiri," alisema mama mkwe wake.

Aligeuza swichi. Kompresa ikaanza kuguruma, kwa sauti ambayo hakuna aliyejaribu kuifunika kwa habari za mvua. Gari likaanza kuinuka, polepole, nyuma kwanza, kisha mbele, likimwinua mwanamke mzee aliyekaa wima, mikono mapajani. Bwana Usafiri alijikuta amerudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mkubwa njiani. Inspekta alisimama karibu na mlango akamwona Mkunga akipita usawa wa bega lake, usawa wa macho yake, kisha juu zaidi, mpaka akalazimika kuinua uso kumtazama.

Gari lilifika kimo chake likatulia, pande zote sawa. Taratibu bado hakuliondoa. Alisubiri kidogo zaidi.